Amri ya Ambokile

Kiwanda cha mvinyo kilipobinafsishwa, meneja mpya Ambokile aliagiza kompyuta za wafanyakazi wa zamani zitengwe na zake. Edina, fundi mitandao kutoka Kibakwe, akaigawa swichi moja, kisanduku kinachounganisha kompyuta, kuwa mitandao miwili, kisha kwenye ruta, kifaa cha kupitisha data kati ya mitandao, akaweka njia ya kuiunganisha.

"Futa hiyo njia!" Ambokile akafoka. "Hao wazee wasitufikie kabisa!"

Damu ilimchemka Edina. Wazee waliokilea kiwanda hicho, leo wageuzwe wezi! Akamwonya kwamba njia ikifutwa, hata yeye meneja hatawafikia wao. Akaambiwa aache ubishi. Akaifuta.

Kesho yake Ambokile akaja mbio. "Printa haichapi, na mwekezaji ananisubiri!"

"Printa iko kwenye mtandao wa wazee," Edina akamjibu bila kuinua macho. "Nakili kazi yako kwenye disketi, kapige hodi kwao. Na shikamoo usiisahau."