Siku Dani Alipowahoji Konokono

Hapa Kisumu maji hayana chumvi, na samaki anayeheshimika ni yule aliyelala kwenye sahani pembeni mwa ugali. Mimi nilifuga kipande cha bahari sebuleni. Nilikuwa nimefanya kazi Pwani kwa muda, nikarudi nyumbani Kaloleni, mtaa wa hapahapa Kisumu, na ugonjwa huo: tangi la kioo, chumvi maalumu ninayoikoroga mwenyewe kwenye ndoo, matumbawe machache, na samaki wawili wa rangi ya machungwa ambao majirani waliwasikitikia kwa udogo wao. "Hawa hata mchuzi hawatoshi," alisema mama wa mlango wa pili, akaniangalia kama mtu wa kuombewa.

Basi tangi likaota mwani. Ulianza kama ukungu wa kijani kwenye kioo, ukageuka nywele, kisha ukapanda matumbawe na kuanza kuyafunika. Nilisugua hadi mikono ikauma. Mwuzaji wangu wa Mombasa akaniambia kwa simu niache kujitesa. Ninachohitaji ni kikosi cha usafi, yaani wanyama wadogo wa baharini ambao kazi yao ni kula mwani na makombo. Angenitumia picha nichague, naye awafunge kwenye mifuko ya maji na kuwapakia basi.

Wiki hiyohiyo nyanya yangu akaletwa kutoka Kombewa. Alikuwa ameanguka shambani, na hospitali ya huko ikamtuma kwa daktari wa moyo huku mjini. Daktari alisema asirudi kwake mpaka dawa zimkubali, na kwamba asifanye kazi nzito. Mimi kwa woga nikalifuta hilo neno "nzito". Dani, ndivyo tunavyomwita, hakuruhusiwa kuosha hata kikombe. Nilimpelekea chai kitandani na kumfukuza jikoni kama paka. Nilijua akirudi kijijini mapema atashika jembe na kusahau dawa, na sikuwa tayari kumzika kwa sababu ya mahindi.

Dani huniita chuora, yaani mume wangu, kama nyanya wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na cheo hicho hukitumia kunidai na kunisimanga bila huruma. Kwa hiyo picha zilipoingia kwenye simu hakungoja kualikwa. Alivaa miwani, akajiweka sawa kwenye kochi, akaanza kuwahoji kama anayetafuta mfanyakazi wa nyumbani.

"Huyu anaishi wapi?" Alikuwa akimtazama kaa.

"Ndani ya ganda la konokono, dani. Yeye hana ganda lake."

"Na mwenye nyumba alienda wapi?"

"Nadhani alikufa."

"Nani alimuua?"

Nilisogeza picha inayofuata, akairudisha ya kaa.

"Hiyo ni mtu ya kunyang'anya watu boma. Toa."

Konokono nusura waanguke kwa sababu ya kichocho, kinachoenezwa na konokono wa ziwani. Ilibidi niape kwamba hawa ni wa baharini na hawajawahi kuliona ziwa. Ndipo akakubali kwamba angalau wanakuja na nyumba zao. Kamba mwenye sharubu ndefu alikataliwa papo hapo. "Yawa, chuora, huyu si mfanyakazi. Huyu ni mboga." Kisha ikaja picha ya jongoo wa baharini, mweusi, mnene, hana mbele wala nyuma. Nilimweleza kwamba anakula mchanga na kuutoa ukiwa safi.

"Anakula mchanga?"

"Ndiyo, dani."

"Na amekubali?" Alisogeza simu karibu na miwani. "Chukua huyo. Mtu anakubali kazi kama hiyo hawezi kukusumbua."

Niliagiza konokono na jongoo, na kwa siri nikamwongeza kaa. Walifika wazima. Niliwazoesha maji polepole, nikawaachilia, wakachapa kazi. Mwani ukaanza kupungua na matumbawe yakafunguka tena. Nilijipongeza sana, nikawapigia simu hata marafiki wasiojali.

Halafu mwani ukarudi, mzito kuliko wa kwanza, na maji yakaanza kunuka. Nikabadilisha maji. Nikampigia mwuzaji, tukagombana, nikamwita tapeli. Mchana mmoja nikarudi kutoka kazini mapema, nikamkuta dani ameinama juu ya tangi, omena, dagaa wa ziwa letu, katikati ya vidole. Chini yake kaa, yule mnyang'anyi wa maboma, alikuwa amesimama kwenye kioo, makucha juu, akingoja. Alikuwa amenenepa.

"Dani! Hawa wanatakiwa wawe na njaa! Wakishiba hawafanyi kazi!"

Alinyooka taratibu. "Kwa hii nyumba mtu anafanya kazi kutwa, na hapewi hata kitu ya kuweka mdomoni?"

Nilikuwa nimewaka. Nikamwambia asiguse tangi tena, akae tu, apumzike. Alifunga kimfuko chake cha omena, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Asubuhi nikakuta begi lake mlangoni, leso imekunjwa juu yake. Nikaanza kubembeleza: dawa, daktari, moyo. Nikaomba msamaha kwa niaba yangu na ya kaa.

"Sijakasirika, chuora," alisema. "Lakini kaa ako na kazi. Konokono ako na kazi. Hata ile jongoo ya kukula mchanga ako na kazi. Mimi ni nani hapa? Unaniletea chai kama mgeni. Sasa mgeni si anaenda kwao?"

Iliniuma, tena sana, kwa sababu nilikuwa nimedhani namwonyesha upendo. Nikaketi juu ya begi asiweze kulibeba. Kutoka hapo nilikiona kioo cha tangi. Konokono wetu waliacha mistari na mabaka ya kijani kila walikopita. Nikainuka nikachukua kifutio cha sumaku: kipande kimoja hukaa ndani ya maji, kingine nje, na ukikokota cha nje cha ndani hufuata kikisugua. Nikavuta kiti, nikamwekea mkononi.

"Kila siku," nikasema. "Mimi siwezi tena, na hawa konokono peke yao hawatoshi."

Akakokota. Njia safi ikafunguka kwenye kioo. Akasogeza kiti mbele, akaitazama kona ya chini, akatoa mguno wa dharau. "Hawa konokono wamekuwa wakikudanganya. Angalia hii." Kisha akaniambia niondoe kichwa, ninamzibia mwanga.

Tuliporudi kliniki, daktari alijiandaa kwa vita, maana kila mara dani alikuwa akimsumbua ampe ruhusa ya kurudi Kombewa. Alimpima, akashusha pumzi, akaanza kumweleza kwamba bado kidogo.

"Daktari, usijisumbue," dani akamkata. "Hata ukiniruhusu siendi. Mimi nimeandikwa kazi."