Kiyoyozi cha Mwokaji

Mwokaji alirudi nyumbani asubuhi hoi bin taaban, unga umemganda kwenye nyusi. Kazi yake ilikuwa kuoka mikate usiku kucha mbele ya tanuri, kwa hiyo usingizi wake ulikuwa wa mchana, na mchana chumba chao chini ya bati hakikaliki. Kiyoyozi kwake hakikuwa anasa hata kidogo, na anayedhani hivyo akalale pale siku moja tu.

Chenyewe kilikuwa kimekula chumvi nyingi. Kilinguruma kama mashine ya kusaga, kikadondosha maji kwenye ndoo, na kila kilipojazwa gesi, ilivuja tena. Hata fundi alishakichoka.

"Bosi, hiki nakifufua tu, sikitengenezi," alisema akiwa juu ya ngazi. "Nunua kingine."

Mwokaji angenunua siku hiyo hiyo. Aliyegoma ni mkewe.

"Kina ubaya gani?" aliuliza, mikono kiunoni. "Si kinatoa baridi?"

"Kinatoa kelele, mama watoto. Baridi ni kwa kubahatisha."

"Na wewe unavyokoroma, nani amewahi kukubadilisha?"

Fundi alicheka nusura aanguke. Mwokaji hakuwa na nguvu za kubishana. Alijua mkewe ni bahili, mtu wa kubandika vipande vya sabuni mpaka viwe mche mpya, basi akajitupa kitandani. Hivyo ndivyo suala lile lilivyopigwa danadana, msimu baada ya msimu.

Mwishowe kiyoyozi kikaamua chenyewe. Kilikohoa, kikatoa harufu ya waya ulioungua, kikanyamaza. Fundi akaja kufunga kipya, chembamba, ambacho hata kikiwaka hukisikii. Mwokaji alikitazama kwa tabasamu la mtu aliyechoka. Mkewe alichukua ile ndoo akaitoa nje.

Kesho yake mwokaji alijilaza katika baridi tamu. Mkewe naye, alipomaliza kufua, akaja kujinyoosha upande wake kama kawaida. Alipogeuka, akaguna. Ulikuwa mguno mdogo, uliobanwa kwenye meno. Akageuka tena, akauma mto.

Mwokaji akafumbua macho. "Nini hicho?"

"Mgongo tu. Lala, baba."

"Umeanza lini?"

Mkewe akavuta shuka hadi mabegani.

"Jamani, si nimeuliza?"

"Zamani." Mkewe alikuwa ameupa ukuta uso. "Ulikuwa unarudi umechoka mno. Ile mashine ikinguruma, nilikuwa naweza kulia kidogo bila kukuamsha."

Kelele zile mwokaji alizitukana kila siku, lakini yeye hakuwahi hata mara moja kumuuliza mkewe, aliyelala ubavuni mwake, anaendeleaje. Akaketi, macho yakimwasha kwa usingizi na kwa aibu. Akakizima kiyoyozi kipya, akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kitanda.

"Vaa, twende hospitali."

"Si ulale kwanza?" mkewe alisema. "Umetoka kazini sasa hivi."

"Nimelala miaka yote hii, mke wangu. Vaa."