Taa Iliyowaka Saa Kumi na Moja

Rafiki yangu alikuwa fundi cherehani mtaani Cibitoke, Bujumbura. Sebule yake ndiyo ilikuwa karakana: meza ya kukatia, kabati la vitambaa na cherehani sita za miguu, alizozipata moja moja kwa miaka mingi. Tulikaa dawati moja sekondari. Mimi niliishia kwenye nyaya, yeye kwenye sindano, na kila cherehani mpya ilipofika aliniita niiguse kwanza, kana kwamba ni mtoto mchanga.

Vita vilipoanza kuwagawa watu mtaa kwa mtaa, watu wa upande wetu wakawa wanahama Cibitoke. Yeye alichelewa kwa sababu ya zile cherehani, kwa kuwa cherehani sita hazibebeki kichwani. Alipokata shauri la kuvuka mpaka kwenda Uvira na mke wake na mama yake, alinifuata dukani mjini, nilikokuwa fundi umeme wa mfanyabiashara mmoja mzee mwenye asili ya Omani.

"Nyumba tupu wanaijulia ku giza," akaniambia. "Siku ya kwanza wanatupa jiwe ku bati. Mutu akikosa kupiga kelele, siku ya pili wanaleta mukokoteni."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka nyumba yangu ikae na mutu, bila mutu."

Dukani kulikuwa na saa za umeme mbili kutoka Ulaya, zile za kioo chenye tarakimu, zilizoagizwa kwa ajili ya mabango ya matangazo. Sisi tuliziita orloji. Ukizipangia, zinawasha na kuzima zenyewe kwa siku na saa unayotaka. Tajiri wangu alisikiliza shida yetu akiwa amekaa, kisha akainuka, akashusha moja kutoka rafuni.

"Chukua, peleka," alisema. "Lakini soma karatasi yake yote, insha'Allah. We unapenda kubonyeza mbele ya kusoma."

Alinijua vizuri. Nilisoma ukurasa wa nyaya na ukurasa wa programu, mengine nikayakunja mfukoni.

Mchana ule ule niliifunga ukutani, nyuma ya pazia, nikaiunganisha na taa ya sebuleni na redio ndogo juu ya kabati. Kazi yenyewe si ngumu. Unaingiza siku na saa ya leo, kisha kila programu unaipa saa ya kuwasha, saa ya kuzima, na siku zake. Siku za kazi niliziweka pamoja: taa iwake saa kumi na mbili jioni, giza linapoanza kushuka, izime saa tatu kasorobo. Ijumaa nikaichelewesha kuzima. Jumapili nikaipa robo saa ya ziada kabla ya kuwaka, kama mtu anayetoka kusali na kusimama njiani kuzungumza. Najua ilikuwa majivuno. Nilijiona ninaumba mtu.

Nilipobonyeza kitufe chenye picha ya mkono, kile cha kuwasha bila kungoja programu, taa iliwaka na redio ikaanza kuimba. Mama yake rafiki yangu, aliyekuwa akifunga mizigo, akacheka.

"Huyu mutu wenu, hali chakula?"

"Anakula umeme tu, mama."

"Basi ni bora kuliko bwana wangu marehemu."

Mwishoni kioo kiliniuliza jambo. Kilionyesha picha ya jua na picha ya theluji, na pembeni neno AUTO likiwaka na kuzima. Nilidhani ni mambo ya joto na baridi ya kwao, hayatuhusu. Gari lilikuwa linapiga honi nje, vizuizi vilikuwa vinakaribia kufungwa. Nikabonyeza kukubali. Rafiki yangu alifunga mlango, akanipa ufunguo, akaniambia neno moja tu: "Nakuachia."

Kwa wiki nyingi orloji ilifanya kazi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepanga chumba Gihosha, juu kilimani, na sikuweza tena kukanyaga Cibitoke. Njia ilikuwa na kizuizi cha vijana ambao sura yangu peke yake ingewatosha. Habari nililetewa na mama muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, jirani wa ukuta mmoja na rafiki yangu. Yeye hakuwa wa upande wetu, alipita bila shida. Kila alipotoka sokoni na beseni lake tupu alisimama mlangoni mwa duka.

"Fundi, mutu wako muzima. Jana alisikiliza muziki mpaka karibu saa tatu."

Tulicheka kidogo, akaenda zake.

Kisha, mwishoni mwa mwezi wa tatu, siku ya Jumatano, alikuja hana kicheko.

"Mutu wako amegonjwa. Anawasha taa saa kumi na moja, jua lingali juu ya ziwa. Jumapili nilifikiri ni macho yangu. Juzi vijana wakaona. Jana walikuja kungoja, fundi, walikaa chini kabisa. Taa ilipowaka wakapiga makofi. Mumoja akagonga dirisha: 'Patron, unakula umeme mchana! Toka tukusalimie!'"

Nikasema labda umeme ulikatika, saa ikapotea. Akasema umeme haukukatika hata siku moja. Tajiri wangu, aliyekuwa kwenye kiti chake karibu na redio, aliinua kichwa.

"Tangu Jumapili habari za Ufaransa zinakuja saa nzima kabla ya kawaida," alisema. "Hukusikia? Wameingia majira yao ya joto, wamesogeza saa mbele. Orloji yako imesogea nao."

Kila mtu Bujumbura aliyesikiliza redio ya Ufaransa alijua jambo hilo. Mara mbili kwa mwaka habari zilihama, nasi tukawacheka watu wanaochezea saa. Mimi pia nilicheka, mwaka baada ya mwaka. Ile picha ya jua ilikuwa inaniuliza kama saa isogee hivyo, nami nikakubali. Karatasi bado ilikuwa mfukoni mwa koti langu la kazi. Nilipoikunjua, maelezo yalikuwa mistari minne, kwa Kifaransa nilichokielewa vizuri.

Nilimpa yule mama ufunguo. Alirudisha mikono nyuma.

"Apana, fundi. Wakiniona nafungua ule mulango, watauliza nilijua tangu lini. Mi niko na watoto."

Nikamweleza kwamba mita iko ukutani nje, ina dijonkta, mkono mdogo mweusi, akiushusha tu taa haitawaka.

"Ile ya upande wa kwangu?"

"Ndiyo hiyo."

"Leo wanakaa pale pale. Kesho asubuhi nitajaribu."

Jioni ile nilipanda Gihosha mapema. Ilipokaribia saa kumi na moja nilisimama mahali mtaa wa Cibitoke unapoonekana wote chini, mabati yaking'aa kwa jua. Taa ya sebuleni haionekani mchana kutoka mbali namna ile. Nilijua hivyo, hata hivyo nilisimama. Nilitazama saa yangu ya mkono ikifika, ikipita. Nilikuwa nimebeba bisibisi mfukoni, sijui kwa nini. Sikusikia kitu.

Kesho yake mama alikuja bila beseni.

"Usinitume tena," alisema. "Jana walingoja taa iwake, wakaingia. Walianza na mashini. Leo wanatoa bati."

Rafiki yangu alirudi katikati ya kiangazi, mtaa ulipotulia kidogo. Nyumba ilikuwa kuta nne zisizo na mlango wala dirisha. Alinifuata dukani, akatoa kitu mfukoni, akakiweka juu ya kaunta.

"Walikata nyaya, hii wakaiangusha. Hawakujua kazi yake. Ni yako."

Ilikuwa orloji. Ndani ina betri ndogo inayotunza saa hata pasipo umeme, na kioo kilikuwa kingali hai. Juu ya kichwa cha rafiki yangu kulikuwa na saa kubwa ya ukutani ya duka. Ilisema saa tisa na nusu. Ile iliyokuwa mkononi mwangu ilisema saa kumi na nusu. Yeye hakuiangalia; kwake ilikuwa kidude kilichovunjika. Nikaifunika kwa kiganja.

"Ilifanya kazi?" akaniuliza.

"Ilifanya."

"Basi mutu aliwaambia." Alitazama barabarani. "Ni yule wa ndagala. Ukuta mumoja na mimi, nani mwingine alijua?"

Tajiri wangu alikuwa hayupo siku hiyo. Nilikuwa peke yangu na rafiki yangu, nilikuwa na nafasi, na kitu chenyewe kilikuwa mkononi. Nilisema, "Vita ni vita," nikaitia orloji kwenye droo.

Alimaliza maisha yake akipunguza suruali za watu kwa cherehani ya kuazima. Yule mama alimsalimia kila walipokutana, naye kila mara aligeuza uso. Miaka mingi. Mara mbili nilikuwepo, nikatazama viatu vyangu. Alipofariki, yule mama alikuja matangani, akakaa mwisho kabisa, karibu na lango, na mjane hakumpa mkono.

Mwaka jana nilikwenda kwa yule mama. Ni mzee sasa, haoni vizuri, lakini sauti yangu aliitambua. Nilimweleza yote: picha ya jua, karatasi mfukoni, kiganja changu juu ya kioo. Aliniacha nimalize.

"Ile ya redio nilisikia siku ile ile, fundi, nilikuwa nimesimama palepale mulangoni," alisema. "Kwangu hukuwa na kitu cha kuleta. Nilikuwa nangoja umuambie yeye."

Kisha akaniuliza kama nitakunywa chai.