Nyuzi Kumi na Moja

Niseme mapema: sikumsamehe, na sina mpango wa kumsamehe. Kina maman wa kanisani kwetu wakisoma haya watatikisa vichwa, lakini wao hawakuinama ndani ya piano ya yule mzee kama nilivyoinama mimi.

Mimi ni fundi wa piano. Nilijifunza Lubumbashi kwa baba yangu, aliyetunza piano ya wamisionari na vinanda vya shule zao. Alipofariki aliniachia ufunguo wake wa kukazia nyuzi, na kabla ya hapo alikuwa ameshanipa masikio. Nilipohamia Brussels na mama nikafungua karakana ndogo mtaa wa Saint-Josse, kati ya duka la vitambaa na kinyozi, na kila jioni nilipanda metro kurudi Anderlecht, tulikoishi.

Mzee ninayemsema alikuwa mpiga piano mashuhuri, profesa, mtu wa nywele nyeupe na skafu za hariri. Wote tulimwita Maître, yaani Mwalimu. Katikati ya miaka ya 2000 aliniita kwa diski aliyoirekodi pamoja na mpiga fidla na mpiga selo, katika kanisa dogo la zamani ambalo halikuwa tena na waumini. Kazi ya fundi wakati wa kurekodi haiishi asubuhi. Vidole vinaigonga piano, taa zinaipasha joto, nyuzi zinalegea. Kwa hiyo unakaa kwenye baridi siku nzima, na kila wanapopumzika ndipo wewe unapoanza kukaza upya. Wao wanakunywa kahawa. Nilifanya hivyo siku nne, nikiwa na homa.

Sikudai makubwa. Ndani ya kila CD kuna kijitabu, na mwisho wa kijitabu kuna orodha ya waliofanya kazi, kwa herufi ndogo. Fundi wa piano huandikwa hapo. Nilimwomba Maître aweke jina langu, maana ndilo jina la baba. "Bila shaka, mpenzi," akasema, akanipigapiga begani. Nikamwamini. Mbaya zaidi, nikamwambia mama, na mama akaliambia kanisa zima.

Diski ilipotoka, mama aliibeba Jumapili kwenye mkoba. Baada ya ibada kijitabu kikapita mkono kwa mkono. Kina maman, ambao Kifaransa wanakisoma vizuri kuliko mama, walimkuta aliyerekodi, aliyepiga picha, aliyeleta chakula, na mbwa wa Maître, aliyeshukuriwa kwa uvumilivu wake. Mimi sikuwemo.

"Alors, jina ya baba yako iko wapi?" mama aliniuliza tulipofika nyumbani, hata kitambaa cha kichwa hajavua.

"Banasahau, maman."

"Imbwa banaikumbuka, weye banakusahau. Donc imbwa njo muntu, weye hauko muntu?"

Mbwa ndiye mtu, mimi si mtu. Roho iliniuma, na iliniuma zaidi kwa sababu alisema kweli. Wahakiki, kwa upande wao, waliipokea diski ile kwa adabu tu. Waliona upigaji ni safi, mkavu kidogo, nyota tatu.

Maître aliponiita kwa diski ya pili nilikwenda, nikaomba tena, nikaambiwa tena, "Bila shaka, mpenzi." Siku ya mwisho, ilipobaki sehemu ya polepole peke yake, mwandishi mmoja wa gazeti alikuja kumtazama akifanya kazi. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao, ufunguo mkononi. Mwandishi akauliza ni nani anayeitunza piano nzuri namna hii. Maître akacheka, akasema piano hii haihitaji mtu, inajiweka sawa yenyewe ikihisi vidole vyake.

Nikangoja watoke kwenda kupata kahawa, nikainama.

Katika piano, noti nyingi zina nyuzi tatu tatu, na kazi yangu ni kuzifanya ziseme kama uzi mmoja. Nikachagua noti kumi na moja, zile ambazo wimbo wa polepole unazirudia. Kwenye kila moja nikalegeza uzi mmoja, kidogo mno, kiasi ambacho aliyerekodi asingesimamisha kazi, lakini mhakiki aliyetulia nyumbani kwake angeusikia uchafu. Nilitaka wahakiki wamrarue. Nilitaka asome kwenye magazeti, na wenzake wasome, kwamba Maître hasikii tena piano yake mwenyewe. Baba angenikata mikono. Nililegeza hata hivyo.

Walipoanza kupiga, aliyerekodi aliinua kichwa, akasikiliza kidogo, akaashiria waendelee.

Nyota tano. Magazeti yote, nyota tano. Mhakiki mmoja aliandika kwamba piano ilikuwa na machozi ndani yake. Mwingine aliona kuwa mzee huyu, katika umri wake, hatimaye amepata moyo. Wa tatu alijaza nusu ukurasa kuhusu jinsi noti zinavyopumua kabla ya kufa. Hizo zilikuwa hasira zangu, wakaziita moyo wake! Maneno yao yalibandikwa kwenye mabango, na siku za soko pale uwanja wa Flagey nilipita mbele ya uso wake mkubwa, nimebeba viazi na vitunguu. Kwenye kijitabu nilikuwa sipo. Mbwa alikuwa amekufa, akakumbukwa kwa mistari miwili.

Nilimkatalia kazi kwa miaka kadhaa. Nikasikia amejaribu mafundi wengine, mmoja akamleta kutoka Ujerumani, na sauti ile haikurudi. Mwishowe, mwanzoni mwa miaka ya 2010, akaniita kwenye mkahawa pale Flagey. Safari hii hakuniita mpenzi wala hakunipigapiga begani. Nilitoa karatasi: jina kwanza, ufunguo baadaye. Akatia saini kabla kahawa haijaletwa.

Hapo ndipo nilipolipiza vizuri. Nilimfanyia kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Nyuzi tatu, sauti moja, kutoka noti ya chini mpaka ya juu. Nilikaza kila alipopumzika, na kila alipogeuka kunitazama kwa matumaini nilimwambia, "Iko tayari, Maître."

Diski ikatoka, jina likiwemo. Mama alipitisha kidole juu yake mara nyingi, kisha akalia. Wahakiki nao wakalia kwa namna yao: moyo umepotea, machozi yamekauka, nyota mbili. Mmoja alisoma kijitabu mpaka mwisho, akanitaja kwa jina, akaeleza kwamba fundi huyu ameisafisha piano kupita kiasi. Nilimsomea mama neno kwa neno.

"Anasema unaisafisha sana?"

"Njo vile, maman."

"Bon. Hiyo njo matusi yake?" Akacheka mpaka akashika mbavu. Jumapili akalibeba gazeti lile kanisani.

Wiki iliyofuata Maître alikuja Saint-Josse, mara yake ya kwanza kufika kwangu. Alisimama kati ya piano zilizofunguliwa, koti mkononi, akaniuliza nilifanya nini kwenye ile diski ya nyota tano. Nikamwambia. Nikamhesabia noti zote, moja moja, nikizigonga kwenye piano iliyokuwa karibu, na nikamweleza alichomwambia yule mwandishi na mimi nilikuwa nimesimama wapi. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo, na sikuharakisha.

Nilidhani atafoka. Alikaa juu ya kigoda changu cha kazi, akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Unaweza kuifanya tena?"

"Ninaweza."

"Basi nifanyie. Jina lako nitaliweka mbele, kwenye jalada, chini ya langu."

"Yule aliyelegeza nyuzi hakuwa na jina, Maître," nikamwambia. "Mimi ninalo, na ni la baba yangu. Siwezi kuliweka chini ya kosa." Nikamfungulia mlango.