Mwandiko wa Ubaoni

Mama yake alimleta kwa miguu kutoka Kwihara. "Shikamoo mwalimu. Huyu binti yangu hasikii, lakini kichwa anacho." Nikaitikia marahaba, nikamwandikisha darasa la kwanza. Nilikuwa nimetoka kwenye semina ya siku mbili mjini, tulikoambiwa kwamba mtoto kama huyo asitengwe: akae mbele, ashirikishwe. Lugha ya alama hatukufundishwa. Muda ulikuwa hautoshi, walisema.

Basi nikamkalisha mbele, na nikamshirikisha kweli! Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wangu, na sisi walimu tukipata mtoto mwenye mwandiko tumepumzika. Nilikuwa nampa kitabu na chaki, namwonyesha pa kuanzia, anajaza ubao, wenzake wananakili, mimi nasahihisha madaftari. Nilipanda nao madarasa, tukaenda hivyo miaka mitatu. Wageni wa elimu wakija, namsimamisha ubaoni. Wakanivika kilemba cha ukoka, nami nikakivaa. Mazoezi alipata vema. Sikujiuliza kwa nini kila akikosa, anakosa palepale alipokosa jirani yake wa dawati.

Walipofika darasa la nne tukawapa mtihani wa majaribio, kila mtoto akakaa peke yake. Nilisahihisha karatasi yake ofisini. Kwenye kila nafasi ya jibu alikuwa ameandika swali lilelile upya, bila kuacha hata nukta.

Nikamwita. Nikamwonyesha neno "ng'ombe" kitabuni, kisha nikamnyooshea kidole ng'ombe aliyekuwa akila majani nje ya dirisha. Akanitazama usoni, akitafuta ninataka nini. Halafu akachukua kalamu, akaandika "ng'ombe", herufi zimesimama vizuri. Hakujua kwamba neno lile ndilo mnyama yule. Miaka mitatu alikuwa akichora tu. Nililia mbele yake, wala sioni haya kusema.

Nikamwita mama yake. Alikuja na madaftari yote ya binti, ameyafunga kwenye kitenge, akidhani nataka kuyaona. Alisema huwa anawaonyesha majirani.

"Mwalimu, mimi sikusoma," akasema, akanipa moja. "Nisomee. Mwanangu ameandika nini hapa?"

Nikasoma. Yalikuwa maelezo ya historia: misafara ya zamani, wapagazi wakibeba pembe za ndovu kutoka huku kwetu mpaka pwani.

"Kumbe! Na haya yote anayajua?"

"Hayajui, mama. Hajui kusoma hata neno moja. Sikumfundisha. Kosa ni langu."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alibaki akiyatazama yale madaftari mapajani mwake, moja baada ya jingine.

Binti alikuwa amesimama kando yake. Aliniona nimeshika daftari lake, midomo yangu inacheza, mama yake amenyamaza kunisikiliza. Akatabasamu, akaninyooshea na daftari jingine. Alidhani namsifu.