Karatasi za njano nilizofuta kwenye laptop ya mzee wa Igowole

Wakuu, habari za huko mliko. Hapa Ilomba, Mbeya, mvua haijakata tangu asubuhi na wateja hakuna, nimeona bora niliteme jambo nililolibeba muda mrefu. Sijaongeza chumvi, na mtaona wenyewe sijajipamba.

Shule niliishia form two. Kompyuta nimejifunzia kwenye stationery za watu. Nikikaa mji mmoja miezi kadhaa, nahama. Iringa, Makambako, Mbeya, kisha Iringa tena. Udadisi ninao, subira ndiyo sina.

Haya yalitokea Ipogolo, Iringa, kwenye stationery ya dada mmoja nitamwita Dada Tuma. Kazi yangu ilikuwa kuchapa, photocopy na "kupiga Windows", yaani kufuta mashine na kuiwekea Windows upya.

Mafundi wenzangu mnaelewa. Laptop nzito, piga Windows. Haitoi sauti, piga Windows. Dada Tuma alikuwa akinitania, "Wewe ungekuwa daktari, mtu akija na mafua ungemkata kichwa."

Jumatano moja akaingia mzee kutoka Igowole, mwalimu mstaafu, laptop kaifunga kwenye kitenge. Ilikuwa ya marehemu mke wake.

Yule mama alipokuwa anaumwa aliandika nasaha kwa binti yao, zisomwe siku ya sendoff, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, maana alijua hatafika. Word hakuijua. Akaandika kwenye Sticky Notes, zile karatasi ndogo za njano zinazokaa juu ya kioo. Zilikuwa kumi na kitu, nyingine Kiswahili, nyingine Kihehe.

Sendoff ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyohiyo. Mzee alitaka azisome palepale kwenye kioo, kama mama alivyoziacha, ila mashine ilikuwa inachukua karibu nusu saa kuwaka. Aliogopa itamwaibisha mbele ya wakwe.

Akanishika bega. "Mwanangu, mengine fanya utakavyo. Hizi za njano usinipotezee."

Nikamjibu, "Ondoa wasiwasi, mzee. Ziko desktop, na desktop naikopi yote."

Nikaikopi kweli folda ya Desktop kwenye flash. Sikuifungua kuangalia kilichoingia. Nikafuta partition zote, disk nzima ikawa tupu, nikapiga Windows.

Mzee alirudi saa kumi jioni, ametoka kula. Mashine inawaka haraka, mimi natabasamu. Nikarudisha folda yake. Kioo kikabaki cheupe.

Akavaa miwani, akasubiri. Baadaye akauliza taratibu, "Huwa zinachelewa kutokea?"

Wakuu, lile swali ninalo mpaka leo.

Nilitafuta kila kona. Nikaendesha programu ya kurudisha vilivyofutwa, ikaleta picha zilizokatika nusu, basi. Ndipo nikasema, "Mzee, disk ilikuwa na virusi. Vilishazila kabla hujaileta."

Dada Tuma aliniangalia. Mzee aliamini. Akanishukuru kwa kuhangaika, akaikunja laptop kwenye kitenge chake. "Basi nitasema ninayoyakumbuka," akasema, akatoka.

Wiki mbili baadaye nikahama Iringa. Kuhama najua.

Huku Mbeya udadisi ndio ukanionyesha. Sticky Notes unaziona desktop lakini hazikai desktop. Kwenye Windows 10 na 11 nyingi ziko kwenye folda iliyofichwa: AppData, Local, Packages, tafuta folda yenye neno MicrosoftStickyNotes, ndani yake LocalState. Faili linaitwa plum.sqlite. Funga Sticky Notes kwanza, kisha kopi LocalState nzima.

Na msidanganywe na Reset ya "Keep my files". Inabakiza mafaili yako, ila programu inaziondoa pamoja na vilivyohifadhiwa ndani yake.

Kama ume-sign in kwa account kwenye Sticky Notes, huwa zinajihifadhi mtandaoni. Mama wa watu hakuwa nayo.

Ila hata hayo yote sikuyahitaji. Windows+Shift+S inapiga picha ya kioo. Au ningetoa simu mfukoni nikazipiga picha moja moja, dakika mbili zimeisha.

Nilichojifunza: backup ifungue kwenye mashine nyingine, mwenyewe akiwepo, aone kwa macho yake. Kabla ya hapo usifute kitu. Na ukiharibu, sema umeharibu.

Ile flash bado ninayo. Folda inaitwa MZEE IGOWOLE. Ina shortcut tatu na picha ya shamba la chai.

Namba yake pia ninayo. Binti ameshaolewa, na mzee bado anaamini ni virusi.

Wewe ungekuwa yule mzee, ungetaka kuambiwa? Au nitakuwa namuumiza mara ya pili ili mimi nipumue? Semeni ukweli, hata matusi nitapokea. Vocha ya kumpigia nimeshaweka, nasoma comments zenu kwanza.