Mpishi Asiyeonja Siki

Siku yangu ya kwanza kazini nilivimba midomo kabla ya saa nne asubuhi. Ilikuwa katika nyumba ya wageni ya kampuni ya madini hapa Kolwezi, walipolala mainjinia waliokuja kwa wiki moja na kukaa miezi sita. Nilivaa aproni ambayo mama yangu aliipiga pasi mara ya pili, maana hakuiamini pasi yangu. Shefu mkuu wa jikoni, mzee mnene wa kaskazini mwa Katanga aliyetembea na kijiko katika mfuko wa shati, alinipa kazi ya mchuzi wa saladi. Mchuzi huo ni fungu moja la siki, ambayo sisi kwetu tunaiita vinegre, kwa mafungu matatu ya mafuta, pamoja na chumvi na haradali kidogo ili vishikane.

"Onja," aliniambia. "Mupishi mwenye haonjake, ule ni mubeba-sahani tu."

Nikaonja. Ulimi uliwasha, midomo ikajaa, pua ikaanza kutiririka. Nilikimbilia beseni la kuoshea vyombo nikasukutua kwa maji mengi, na waliponiuliza nikasema ni jino. Mama mmoja wa kuosha sahani hakulikubali jino langu. Aliwatangazia wenzake kwamba nina mimba, na habari hiyo ilikaa jikoni karibu mwaka mzima bila mtoto kuonekana.

Ukweli ni kwamba hata mimi sikujua vizuri nina nini. Nyumbani kwetu Dilala siki haikuingia. Mama alikamulia limau kila kitu. Utotoni nilivimba mara mbili, zote kwenye harusi, na mama akaamua kwamba adui yangu ni samaki. Nilikaa miaka mingi bila kula samaki, bure kabisa, na samaki nampenda. Siku ile ya kwanza ndipo nilipojua kwamba kosa lilikuwa la mchuzi wa siki aliomwagiwa samaki.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Baba alikuwa ameacha kazi ya mgodi kwa sababu ya mgongo. Babu alitoka Kasai kuja kuchimba, baba akachimba, na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kampuni. Tuliendelea kuishi humo kwa sababu jina langu lilikuwa kwenye orodha ya wafanyakazi. Mpishi aliyeajiriwa jana hawezi kwenda kwa shefu leo kumwambia kwamba kitu kilichomo katika nusu ya vyakula vyake kinamvimbisha. Angenipeleka nyumbani kwa upole, na upole usingetupa paa.

Basi nikajifunza kupika kwa pua. Msidhani ni jambo dogo, na sitajifanya mnyenyekevu: pua yangu ilikuwa bora kuliko ndimi nyingi za pale jikoni. Siki hupanda puani kwa ncha kali kabla mkono haujafika karibu, limau huja taratibu na tamu yake. Chumvi haina harufu, hiyo niliipima kwa mkono mpaka mkono ukazoea. Nilijua pia siki inajificha wapi: katika mayonezi, katika haradali, katika matango ya chupa, katika pilipili ya dukani, katika dagaa fulani wa kopo. Siku hizi lebo huandikwa kwa herufi ndogo sana, kwa hiyo mimi huipiga picha kwa simu na kuikuza. Zamani nilimwomba mtunza stoo anisomee nikisema nimesahau miwani, nami sikuwa na miwani.

Nje ya kazi haikuwa rahisi zaidi. Kukataa sahani ya mtu ni kumkataa mwenyewe. Mama mkwe wangu alipika kuku wa kulowekwa katika siki siku nilipopelekwa kwao, nikala bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo tu, na mpaka leo wifi zangu husema niliingia ile nyumba na kiburi. Ningekula kuku yule wangeniona nikihema kama mtu aliyepanda mlima.

Kampuni ilikuwa ikisaidia bweni moja la shule kule Sandoa, wakanituma huko kuongoza jiko. Huko nilipata raha. Bibi msimamizi wa bweni alikuwa mtu mkavu aliyeamini kwamba mtoto anahitaji maharagwe, mboga na sala, na stoo yake haikuwa na hata chupa moja ya siki. Nilionja kila sufuria kwa furaha, nikanenepa. Huko ndiko nilikompata Tata, yaani Baba, Mulaj. Alikuwa mtu mzima mwenye familia, Mlunda wa palepale, aliyekuja kupasua kuni na kubaki kupika. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kisu, kupima, na kuonja. Nilimwambia maneno yaleyale ya shefu wangu wa kwanza, ya mubeba-sahani. Aliyapokea kwa moyo wote.

Niliporudishwa Kolwezi, katika kantini kubwa ya upande wa mgodi wa Mashamba inayolisha watu wa mashimo ya shaba, niliomba Mulaj aje nami. Alipewa nyumba Dilala, mtaa wa nyuma ya wetu. Mimi nilikuwa mkuu wa zamu, yeye akashika upande wa baridi, yaani saladi na michuzi isiyopikwa motoni. Hapo palikuwa na kanuni ya daftari la kuonja. Chakula hakitoki kwenda mezani mpaka mkuu wa zamu aonje, aandike saa, aandike kimekuwaje, atie sahihi. Aliyepika hatii sahihi, kwa sababu ulimi wake umeshazoea chungu chake. Ni kanuni nzuri. Mimi niliivunja kila siku ya saladi.

Nilikuwa na namna yangu. Kijiko mkono wa kulia, kitambaa mkono wa kushoto. Nachota, nainua, nageuka kidogo kama mtu anayefikiri, mchuzi unaishia kwenye kitambaa, kisha nafunga midomo juu ya hewa na kuitikia kwa kichwa kama aliyeridhika. Pua ilikuwa imeshaniambia kila kitu, nami naandika: iko muzuri. Kwa miaka yote hiyo haikuwahi kunidanganya, na niliringa nayo.

Kisha ikaja asubuhi moja ya kiangazi. Vumbi la malori ya Mashamba lilikuwa limenijaa, nina mafua ya wiki nzima, sinusi hata kitunguu. Kumbe siku hiyo stoo ilitoa bidoni mpya, yaani dumu. Ilikuwa siki kali, ile inayotakiwa kuchanganywa na maji mengi kabla ya kutumika, na bidoni yake ilifanana na ya kawaida. Mulaj alitengeneza mchuzi wa kabeji kwa kipimo chetu cha kila siku. Kitu kilimtia wasiwasi, akaniita.

"Mama Ngalula, leo vinegre iko na kali. Onja bien."

Alisema onja bien, onja vizuri. Nami nikachota, nikainua, nikageuka kidogo. Kitambaa kikanywa.

"Iko muzuri, Tata," nikamwambia. "Peleka."

Nikaandika saa tano na nusu, nikatia sahihi. Alipeleka kwa sababu mimi nilisema.

Walioanza kula ni watu wa malori na mafundi wa mashine za kutoboa miamba. Mmoja alishika koo, wengine wakatema mezani, wengine wakatapika nje ya mlango. Walipelekwa zahanati ya kampuni wakiwa wameungua midomo na ulimi. Namshukuru Mungu wote walipona, ila fundi mmoja alilazwa siku mbili.

Jioni ileile msimamizi wa kantini alituita ofisini, mimi na Mulaj. Alikuwa mtu wa haki na wa karatasi, na mbele yake lilikuwa daftari la kuonja, ambalo sisi tuliliita kaye.

"Tata Mulaj, kaye inasema nini?"

"Inasema iko muzuri."

"Mama alionja saa tano na nusu, ilikuwa muzuri. Saa sita bantu banaungua. Basi kisha Mama kuonja, weye ulirudia kutia vinegre."

"Hapana, Shefu. Sikurudiaka."

"Kama haukurudia, Mama njo muongo?"

Mulaj alinitazama. Nilingoja aseme ndiyo, na nilikuwa na jibu la kukana tayari, aibu yangu hiyo. Hakusema ndiyo. Alitazama mikono yake, akasema polepole, "Mama hawezake kudanganya juu ya kuonja. Njo yeye alinifundishaka. Pengine mi nilitia mara mbili, sikumbuke."

Akasimamishwa kazi palepale, na akaambiwa aanze kutafuta nyumba nyingine. Mimi nilirudi kwangu nikiwa na kitambaa kilichonuka siki ndani ya mfuko. Mkono ulioshika kitambaa ulikuwa umetoka vipele mpaka kwenye kiwiko.

Kesho yake niliongoza zamu. Kesho kutwa pia. Nilijiambia kwamba nikisema, nyumba mbili zitaondoka badala ya moja. Nilijiambia kwamba mafua si kosa la mtu. Nilijua kujiambia mambo. Lakini Jumapili kanisani nilimwona mke wa Mulaj ameketi peke yake mwisho wa benchi, watu wamemwachia nafasi kubwa, kwa sababu mume wake ndiye aliyetaka kuua bantu. Sikungoja misa iishe. Nilipanda pikipiki ya taksi, nikamwambia motari, yaani mwendeshaji wake, anifikishe nyumbani kwa msimamizi.

Nilimkuta uani, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Hakuniamini. Aliona ninamlinda mtu wangu.

"Mama, miaka yote hii unapika bila kuonja? Nani ataamini?"

Nikamwomba mke wake atuletee vinegre ya mezani. Niliimwaga kidogo kwenye mkono, juu ya ngozi tupu, tukakaa. Ninyi msifanye hivyo. Daktari alinigombeza vikali baadaye. Msimamizi alianza kunisimulia habari za kanuni za kazi, akafika katikati akainama kuutazama mkono. Mkono ulikuwa umetoka madoa mekundu, mapana, moja juu ya jingine. Mke wake akaenda kuleta maji bila kuulizwa.

"Basi saini zako zote ni uongo," msimamizi alisema mwishowe.

"Zote za saladi," nikamjibu. "Za maharagwe ni za kweli."

Sikusema hivyo kwa mzaha, ingawa naona mnacheka. Jumatatu, baada ya bidoni kukaguliwa, Mulaj alirudishwa kazini na nyumba yake ikabaki yake, nami nikamwomba msamaha. Mimi nilivuliwa ukuu wa zamu nikapelekwa kumenya viazi. Lakini sikufukuzwa, na baba yangu alikufa miaka kadhaa baadaye ndani ya nyumba aliyoizoea. Daktari wa zahanati aliniandikia faili. Alinieleza kwamba si kila anayesumbuliwa na siki ana alergia hasa, kuna miili inayoikataa kwa njia nyingine, lakini koo langu likianza kubana hayo ni mambo ya kutochezewa, na nisijaribu kuzoea kidogo kidogo kama watu wanavyoshauri. Alinipa pia dawa za kutembea nazo. Miaka yote niliyojificha, msaada ulikuwa umbali wa kutembea kwa mguu.

Msimamizi alibadili kanuni. Daftari likapata sahihi mbili, na ukutani ikabandikwa karatasi ambapo kila mfanyakazi wa kantini huandika kisichomfaa. Mimi niliandika wa kwanza. Wiki hiyohiyo mama mmoja wa kukata mboga aliandika karanga, na mtunza stoo, yule mwenye sauti kubwa kuliko wote, akaandika mayai. Alikuwa akiyakwepa kimyakimya tangu alipoajiriwa. Mimi nikasimamia viazi, baadaye moto, na mwishowe nikarudishiwa zamu yangu. Niliiongoza mpaka nilipostaafu, kwa pua yangu na kwa ulimi wa mtu mwingine, waziwazi. Ninasema bila woga kwamba nilikuwa mpishi hodari. Nilikuwa hodari hata kabla. Kilichokuwa kibovu ni ule uongo, na uongo haukuwa katika mwili wangu.

Nikikutana na vijana wa kazi hii huwaambia wasione haya kusema mwili wao unakataa nini. Wengine hunisifu. Wanasema Mama Ngalula alikuwa na ujasiri, alikwenda mwenyewe, alimwaga vinegre kwenye mkono wake. Hadithi hiyo inapendwa sana Dilala.

Siku ya kuniaga kazini walitengeneza meza ndefu bila tone la siki, nami nikala kila kilichokuwapo. Watu walipoanza kutawanyika Mulaj alikuja kuketi karibu nami. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka mingine mingi baada ya yale, kwa heshima, bila kuyarudia. Nilidhani amekuja kunitania.

"Mama," akasema, "mi nilikusamehe zamani, hii haina ya kukuumiza. Ile siku tatu nilikuwa nakaa mu nyumba, nawaza. Wapi nilitia mara ya pili? Nilitafuta mu kichwa yangu. Na siku ya pili, niliona. Niliona mukono yangu inabeba bidoni, inamwaga. Niliona kabisa, Mama. Na haikukuwaka hivyo, sikutiaka mara ya pili."

Nikamwomba msamaha tena. Akasema ameshasikia, ila alitaka na mimi nijue.